Urojo wa mlango wa skuli: wa nyumbani unageuka uji, vipimo vyake hasa ni vipi?

Mwana_Ng'ambo aliuliza:

Assalaam alaykum wapishi. Natafuta ule urojo wa Unguja, mchuzi wa kumiminia bajia na kachori, uliokuwa ukiuzwa nje ya skuli: mwepesi, manjano imekoza, mkali wa embe, juu yake chipsi za muhogo bado zinalia mdomoni. Sitaki huu wa kuchanganyiwa kila kitu mpaka sosi ya tungule.

Vipimo nilivyopewa ni hivi: maji lita 2, unga wa ngano vikombe 2, manjano vijiko 2 vya chai, ndimu 4, chumvi, vyote vinatiwa pamoja na kuchemshwa dakika tano. Unatoka mzito, ukipoa unaganda kabisa. Una harufu ya unga mbichi, halafu nyuma ya ulimi una uchungu badala ya ukali. Bajia nazo ngumu katikati, na kachori zinapasukia kwenye karai. Mwenye vipimo vya uhakika anisaidie, na sababu zake kama inawezekana. Sahani sita hivi.

Bi_Karafuu:

Waalaykum salaam mwanangu. Hivyo ulivyopewa ni vipimo vya gundi. Vikombe viwili vya unga ni kama gramu 250. Lita 2 za urojo zinataka gramu 70 tu, yaani vijiko 8 vya kulia vilivyosawazishwa kwa kisu, si vya mlima.

Anza na embe, maana ukali wa urojo unatoka kwenye embe na ndimu ni ya kumalizia. Chukua embe mbili kubwa mbichi kabisa, ukizikata nyama iwe nyeupe. Ikishaanza kugeuka njano ndani, utamu umeingia na hazifai tena. Menya, toa kokwa, upate kama gramu 350 za nyama. Zichemshe na maji nusu lita kwa dakika 10 mpaka zivurugike, zisage, zichuje kwenye chujio la matundu madogo. Usiruke kuchuja, nyuzi za embe ndizo zinazomkwama mtu kooni. Weka pembeni.

Unga ukoroge na maji ya baridi, kikombe kimoja na robo (mililita 300). Nasema baridi kwa sababu unga ukikutana na maji ya moto, nje yake unaiva papo hapo na kufungia unga mkavu ndani, ndiyo yale madonge. Uchuje na huo.

Sasa bandika maji lita 1 na mililita 200, tia manjano kijiko 1 cha chai na chumvi vijiko 2 vya chai. Yakichemka, mimina unga polepole huku mkono mwingine unakoroga bila kusimama. Ukirudi kuchemka, punguza moto na uuache utokote dakika 15, ukipitisha mwiko chini ya sufuria kila baada ya muda. Hizo dakika 15 ndizo dawa ya harufu ya unga. Dakika tano zinatosha kuufanya uwe mzito lakini hazitoshi kuuivisha, na hapo ndipo wengi wanadanganyika: wanaona umeshika, wanaepua.

Tia embe uliyosaga, ichemke dakika 5 nyingine, epua. Ukipungua moto kidogo ndipo ukamue ndimu mbili. Kisha onja, ongeza ya tatu ukipenda.

Kwa nini ndimu mwisho? Kwanza, ndimu ikichemka inatoa uchungu, hasa kama umeikamua kwa nguvu mpaka maji ya ganda yakaingia, au umeacha kokwa zake ndani. Huo ndio uchungu wako, pamoja na kijiko cha pili cha manjano ambacho hakina kazi. Pili, ukali ukikaa jikoni na unga muda mrefu unauvunja ule wanga na urojo unapwaya. Mtu akiona umepwaya anaongeza unga dakika za mwisho, harufu ya unga mbichi inarudi.

Uzito wake uupime ungali moto. Chovya upawa, ugeuze mgongo juu: ufunikwe na utando mwembamba, na ukipitisha kidole mstari ujifunge wenyewe taratibu. Mstari ukibaki wazi, ongeza maji ya moto nusu kikombe. Unatakiwa uwe mwepesi kuliko unavyoutaka kwenye bakuli, maana ukipoa unajikaza.

Na usipikie kwenye sufuria la alumini lisilo na rangi ndani. Embe na ndimu zinakwangua alumini, urojo unachukua ladha ya chuma. Tumia la chuma kisichoshika kutu au la rangi.

FundiBajia:

Bi Karafuu kamaliza upande wa sufuria, ingawa mimi katika zile gramu 70 natia 45 za ngano na 25 za unga wa dengu. Ladha inakuwa nzito zaidi. Ila ukifanya hivyo ongeza muda mpaka dakika 20, kwani dengu mbichi ina harufu mbaya kuliko ngano, na uwe karibu na jiko: inapanda povu na kumwagika ghafla.

Nije kwenye bajia. Ngumu katikati ina sababu mbili tu: dengu hazikulowa vya kutosha, au umezisaga laini mno ukazifinya kuwa donge. Dengu zilizoparazwa gramu 250, loweka saa 5 au 6. Ichukue moja uibane kwa kucha: ikikatika kirahisi bila kiini kigumu cheupe, tayari. Mwaga maji, ziache kwenye chujio nusu saa nzima zikauke. Saga bila tone la maji, kwa kusimama simama, zibaki chembe chembe kama mchanga mnene. Blenda ikikataa kuzunguka, saga kidogo kidogo. Usiitilie maji kuirahisishia kazi, kwani bajia zitasambaratika kwenye mafuta na utalazimika kuzishika kwa unga, zirudi kuwa ngumu.

Tia kitunguu kimoja kidogo kilichokatwa vidogo sana, thomu (kitunguu saumu) punje 3, kotmiri (giligilani) konzi moja, pilipili mbichi moja, chumvi kijiko 1 cha chai. Kitunguu na chumvi vitie wakati mafuta yameshapata moto, maana chumvi inavuta maji ya kitunguu na mchanganyiko unalegea ukiusubirisha. Usibonyeze, chota kwa vidole viwili, uache ianguke na kingo zake za ovyo. Ukubwa usizidi upana wa vidole viwili, kwani bajia ya urojo si ya kula na chai, inatakiwa inywe mchuzi mpaka ndani.

Mafuta nyuzi 170. Kama huna kipimajoto, dondosha chembe: izame, ianze kupanda baada ya sekunde mbili tatu na mapovu madogo yasiyokatika. Ikipanda papo hapo na kubadilika rangi, mafuta ni makali, itaungua nje na kuwa mbichi ndani.

Kachori kupasuka: mbatata zimenyonya maji. Zichemshe na maganda yake, nzima nzima, nusu kilo. Zimenye zingali moto, ziponde, na uziache wazi mvuke utoke wote kabla ya kutia ndimu, chumvi, thomu na pilipili ya kusaga. Zikipoa fanya vidonge vya gramu 30. Rojo la kuchovya: unga wa dengu gramu 120, maji mililita 150, chumvi, manjano ya ncha ya kijiko. Lishike kidonge pande zote bila kuchuruzika. Likiwa jepesi linaacha upenyo, mvuke wa ndani unatokea hapo na kachori inafumuka. Hizi zinataka mafuta makali kidogo kuliko bajia, nyuzi 180, na nne au tano kwa mkupuo. Ukijaza karai mafuta yanapoa, rojo linachelewa kushika, matokeo yake unayajua.

Mswahili_Muscat:

Kwa tulio mbali na embe za Unguja: kwenye maduka ya Wahindi hapa Oman embe mbichi zinapatikana, na zikikosekana kuna unga wa embe kavu. Kwa kipimo cha Bi Karafuu, vijiko 2 vya kulia vinaziba nafasi ya embe mbili, na lile nusu lita la kuchemshia embe liongeze kwenye maji ya sufuria. Ukoroge kwanza na maji ya vuguvugu kidogo, utie dakika tano za mwisho. Hautoi ule mwili wa embe iliyosagwa, kwa hiyo ongeza kijiko kimoja cha unga wa ngano. Ukwaju unafaa kwa ukali lakini unaua rangi, urojo unakuwa wa hudhurungi. Ndimu kavu hizi za huku usijaribu hata siku moja, zina moshi na uchungu wake, mahali pake ni kwenye nyama.

Nazi: iliyokaushwa ya paketi, gramu 100, iloweke kwa maji ya vuguvugu mililita 150 dakika 20 kabla ya kusaga chatini. Chagua isiyotiwa sukari, soma paketi vizuri.

Mwana_Ng'ambo:

Allah awalipe. Maswali mawili yamebaki. Nikitia bajia bakulini, urojo unaozizunguka unageuka mwekundu mwekundu, sijui ni manjano mbovu? Na mpango wa bakuli: kipi kinatangulia, na chatini na pilipili zinapikwaje?

FundiBajia:

Manjano haina kosa, ni magadi au soda kwenye bajia. Manjano ikikutana na soda inageuka nyekundu. Kamulia ndimu palepale utaiona inarudi njano. Maana yake soda imezidi. Robo kijiko cha chai kwa gramu 250 za dengu ndio mwisho, na dengu zikilowa vizuri huihitaji kabisa. Soda nyingi pia inafanya bajia zinywe mafuta na ziache ladha ya sabuni.

Bi_Karafuu:

Chatini nyeupe: nazi moja iliyokunwa, pilipili mbichi 2, thomu punje 1, ndimu 2, chumvi nusu kijiko cha chai, maji ya kuwezesha kusaga tu. Ukitaka ya kijani tia kotmiri. Haipikwi, kwa hiyo ifanye siku hiyo hiyo na ikae kwenye friji. Kwenye joto letu nazi mbichi inachacha baada ya saa chache.

Pilipili nyekundu inapikwa. Pilipili kavu gramu 20, zitoe kokwa nusu yake, ziloweke kwa maji ya moto dakika 20, zisage na thomu punje 4 na chumvi. Bandika na vijiko 3 vya maji ya ukwaju na kijiko kimoja cha mafuta, mpaka ipungue na mafuta yaanze kujitenga juu. Fungua madirisha kabla hujaanza.

Bakuli: mbatata za kuchemsha vipande vinne vitano chini, kachori moja uivunje kwa mkono, bajia nne, nyama ya mishikaki vipande vitatu ikiwa ipo, nusu yai. Mimina urojo wa moto upawa mmoja na nusu. Hesabu dakika moja bajia zinywe. Halafu chatini kijiko kimoja, pilipili kwa uwezo wa mlaji, na chipsi za muhogo mwisho kabisa, wakati bakuli linaelekea mkononi mwa mtu. Zikitangulia zinalainika na hapo umepoteza nusu ya raha.

Hizo chipsi kama unazikaanga mwenyewe, uwe muhogo mtamu. Mchungu una sumu, na kukaanga hakuiondoi. Ukwangue kwa nyuzi ndefu, uoshe mpaka maji yatoke meupe bila ukungu, ukaushe kwa kitambaa, ndipo ukaange mkono mmoja mmoja mafuta ya nyuzi 175.

Mswahili_Muscat:

Muhogo wa barafu wa paketi huku unatoka na maji mengi, haukaangiki kwa nyuzi. Nunua chipsi za mbatata nyembamba za chumvi tu, zinafaa.

Na kwa anayepika leo kwa ajili ya kesho: weka urojo kwenye friji kabla ya kutia ndimu. Kesho utaukuta umekaza. Tia maji ya moto robo kikombe kwa kila lita, upashe kwa moto mdogo huku unakoroga kutoka chini, ukipata moto epua ukamue ndimu. Bajia zipashe kwenye tanuri nyuzi 180 dakika 6. Kachori usizilaze, rojo lake linalowa na halirudi kama lilivyokuwa.