Harusi ya watu 320 Moshi, vinywaji bila kuponi: tuagize kreti ngapi?

mhazini_kamati

Wakuu, habari za kazi. Kamati yetu imeamua vinywaji viwe bila kuponi, mtu anaagiza anachotaka mpaka ukumbi ufungwe. Harusi ni Moshi mjini, Jumamosi. Wageni wanaanza kuingia saa 12 jioni na ukumbi tunauachia saa 6 usiku. Waalikwa ni 320 kwa vichwa, kadi za double tumeshazihesabu mbili mbili. Upande wa bibi harusi ni wa hapa hapa, Wakatoliki na Walutheri. Upande wa bwana harusi wengi ni Waislamu kutoka Tanga.

Mwenyekiti anataka kreti 50 za bia, katibu anasema 15 zinatosha. Ukumbi unaruhusu tuingize vinywaji vyetu bila ada. Naomba mwenye uzoefu anipe namna ya kukokotoa, si namba tu, maana lazima niitetee kikaoni.

kaunta_kuu

Mkuu, wote wawili wanakisia kwa kuangalia 320, na hiyo 320 haisemi kitu kuhusu bia. Kinachosema ni majina. Chukua orodha ya kadi, kaa na mtu mmoja anayeujua upande wa bibi harusi na mwingine wa bwana harusi, mpite jina kwa jina na kila jina lipate herufi: H hanywi, B bia, W waini, K pombe kali, na alama ya kuuliza kwa msiyemjua. Ni kazi ya jioni moja.

Walokole na Wasabato ni H. Kwa wageni wa Tanga, hata yule mnayejua anakunywa mkiwa naye kwingine, mpeni alama ya kuuliza, si B. Akikaa meza moja na wajomba zake atachukua soda, na ni haki yake. Kadhalika wafanyakazi wenzake na maharusi: bosi akiwepo mezani hunywa kidogo, bosi akiondoka saa 3 mambo hubadilika.

Rudi na hesabu ya herufi, tukokotoe.

mhazini_kamati

Tumekaa leo na shangazi wa bibi harusi na kaka wa bwana harusi. H 120 (humo wamo watoto 18), B 110, W 40, K 20, wasiojulikana 30.

kaunta_kuu

Safi. Wasiojulikana wagawe nusu kwa nusu: 15 waende bia, 15 waende soda. Sasa una wanywaji wa bia 125, waini 40, kali 20, na wa soda 135.

Bia kwanza. Kwenye mitandao ya nje utakuta kanuni ya vinywaji viwili saa ya kwanza, kisha kimoja kila saa. Kwa saa sita hiyo ni chupa 7 kwa mtu. Usiitumie ilivyo. Kipimo cha wenzetu wa Marekani ni chupa ya ml 355, yetu ya kawaida ni ml 500. Chupa 7 zao ni lita 2 na nusu, yaani 5 zetu, na hizo ni kwa mtu anayekunywa mfululizo bila kusimamishwa na itifaki. Ukumbini kwetu kuna kuingia kwa maharusi, utambulisho, keki, chakula na foleni ya zawadi. Mikono inashughulika.

Gawa wale 125 hivi: 40 ni wa chupa mbili na kuaga mapema, 65 ni wa chupa nne, 20 ni wa chupa saba. Hiyo ni 80 + 260 + 140 = 480. Ongeza asilimia 10 ya chupa zinazoachwa nusu mezani, unafika 528. Kwa kreti ya chupa 20 ni kreti 27, kwa kreti ya 25 ni 22. Uliza depo (ghala la bia mtakakonunua) kreti yao ni ya ngapi kabla hujaandika bajeti. Kikao kikisema "kreti 27" na ikaletwa ya 25, umelipia chupa 135 za ziada.

Kali: watu 20 kwa toti sita za ml 30 ni lita 3.6, chupa 5 za ml 750. Nunua 8, kwa sababu hakuna anayemimina ml 30 bila kipimo. Weka vile vikombe vya kupimia kaunta, na chupa isitoke kaunta kwenda mezani hata akiomba nani.

Waini: watu 40 kwa glasi tatu ni glasi 120. Chupa moja ni glasi tano, kwa hiyo chupa 24. Lakini hapa ndipo kamati nyingi zinapigwa. Mkipanga chupa moja nyekundu na moja nyeupe kila meza, meza 32 zinakula chupa 64, na asubuhi mnamwaga zilizofunguliwa zikanywewa glasi moja. Waini itoke kaunta kwa glasi. Akina mama wa makamo wengi watauliza tamu, hivyo katika zile 24 angalau 10 ziwe tamu, Dompo au mfano wake. Kavu nyekundu ndiyo hubaki siku zote.

depo_na_kreti

Nakubaliana na 528 ila naongeza upande wa manunuzi, maana pesa nyingi huponea huko.

Chukueni mzigo kwa mali kauli: mnalipa kilichofunguliwa, kilichobaki kinarudi. Mkikubaliwa, agizeni hata kreti 35 bila presha, kwa sharti moja. Msizamishe zote kwenye barafu. Chupa iliyolala kwenye maji ya barafu usiku kucha lebo inachubuka, na depo haipokei chupa isiyo na lebo. Zamisheni kreti 12 za mwanzo, halafu kila kreti nne zikitoka ndipo nne nyingine ziingie. Kufika saa 4 na nusu usiku acheni kuzamisha mpya isipokuwa meza zimejaa. Haya mkubaliane kwa maandishi: siku ya kurudisha, dhamana ya kreti na chupa tupu, na nani anabeba gharama ya chupa iliyovunjika.

Aina nazo. Bia ikiwa ya bure mtu anapanda daraja. Anayekunywa Safari siku zote atauliza ya nje kama anaiona kaunta. Wekeni aina nne tu, ziandikwe kwenye kadi ya meza, na zote zionekane. Safari ina kilevi asilimia 5.5, Kilimanjaro 4.5, kwa hiyo mkipanga theluthi moja tu ya Safari na zilizobaki ziwe nyepesi, ukumbi unatulia zaidi mwisho wa usiku bila mtu kujua kwa nini.

Halafu hofu. Anayeagiza bia mbili kwa mpigo si kwamba ana kiu ya mbili, anaogopa zitaisha. Ya pili inapata joto, anaiacha na kuomba nyingine ya baridi. Dawa yake ni wahudumu kupita mara kwa mara, kila mhudumu meza tatu, na chupa ifunguliwe mbele ya mwenye kuinywa. Mhudumu akifungulia kaunta chupa kumi na kuzipeleka kwenye sinia, tatu zitakosa mwenyewe.

bi_mwenyekiti

Kaka zangu mmeongea vizuri kuhusu bia, ila mmempita haraka yule wa soda, na kwa harusi hii wa soda ndio kundi kubwa kuliko la bia. Bia ikiisha saa 5 watu watalalamika kisha watacheza. Soda ikiisha saa 3, mzee aliyetoka Tanga hana kitu kingine cha kunywa, na hiyo ni aibu ya familia nzima.

Mhazini, piga hivi. Watu 135 kwa soda mbili na nusu ni 338. Wanywaji 185 nao huchukua soda wakati wa chakula, hesabu nusu yao, 93. Za kuchanganyia kali, 60. Jumla 491, kreti 21 za chupa 24. Katika hizo, cola na chungwa zichukue zaidi ya nusu, na tonic na soda water zisipungue kreti tatu, wenye kali watazihitaji. Maji weka chupa moja na nusu ya nusu lita kwa kila kichwa, 480, yaani katoni 20 zikiwa za chupa 24. Kuna katoni za 12, angalieni.

Wageni wa Tanga wapeni meza zao pamoja, na kaunta yao ya soda, juisi na maji iwe upande wao, yenye glasi zake na ndoo yake ya barafu. Soda isitoke kwenye pipa lililolaza bia. Wengine hawatasema lolote, wataacha tu kunywa. Juisi ya ukwaju au pasheni lita 60 inawatosha na ni heshima kubwa kuliko soda ya tatu.

Shampeni ya kugonganisha: chupa ya ml 750 kwa meza ya watu 10 inatoa ml 75 kila glasi, inatosha kabisa. Meza za H zipate ya zabibu isiyo na kilevi, na MC aambiwe mapema asiseme "tufungue shampeni wote".

Na kuna watu hawamo kwenye 320 yenu: MC, DJ, wapiga picha, wapambaji, wapishi, wahudumu, walinzi, madereva. Mara nyingi ni 35 mpaka 45. Wekeni kreti tatu za soda na katoni nne za maji kwa ajili yao, juu ya hizo nilizotaja. Wasipotengewa, watatoa kwenye fungu la wageni.

mhazini_kamati

Asante dada, hilo la kaunta ya peke yake nalipeleka kikaoni kesho. Maswali mawili ya mwisho: barafu kiasi gani, na wazee wa upande wa bibi harusi wanataka mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi. Inaingiaje kwenye hesabu?

kaunta_kuu

Barafu. Kushusha chupa ya bia kutoka nyuzi 30 mpaka 4 kunayeyusha barafu karibu gramu 190, kioo chake kikiwemo. Kreti ya 20 ni kilo 4 kasoro kidogo, na hiyo ni bila kinachopotea hewani na kwenye pipa lenyewe. Wekeni kilo 7 kwa kreti ya bia na 5 kwa kreti ya soda. Kwa kreti 27 za bia na 24 za soda (zile 21 na tatu za wahudumu) ni kilo 309. Friji za ukumbi zikilaza nusu ya mzigo tangu asubuhi, kilo 160 zinatosha. Mimineni maji kwenye pipa pamoja na barafu. Mapande makavu yanagusa chupa sehemu chache, maji yanaizunguka yote. Zamisheni saa moja na nusu kabla ya wageni, si asubuhi.

Mbege: hesabu wazee watakaoitaka kweli, tuseme 30, kwa lita moja na nusu kila mmoja, lita 45. Kwa kila watano wa mbege punguza bia chupa 10, kwa hiyo hapo umeokoa chupa 60, kreti tatu za 20. Iagizwe iwe imeiva siku hiyo hiyo, kwa sababu inaendelea kuchacha na kesho yake ni kali kwa kinywa. Madumu yasijazwe mpaka juu wala kufungwa kwa nguvu njiani, gesi huyavimbisha na kifuniko hurushwa. Ipakuliwe na mtu mmoja anayejua kuikoroga, maana ulezi hutulia chini na wa mwisho hupewa mashapo.

depo_na_kreti

Kikaoni peleka hivi: bia kreti 24 za chupa 20 za uhakika (27 kutoa zile tatu za mbege) na 8 za mali kauli, soda 24, maji katoni 24. Teua mtu mmoja asiyekunywa awe na ufunguo wa stoo na daftari: kila kreti inayotoka, saa na jina la aliyeichukua. Chupa tupu zihesabiwe usiku uleule kabla wahudumu hawajaondoka, kwa sababu asubuhi zikipungua hakuna wa kumuuliza na dhamana inakatwa kwako.

mhazini_kamati

Nimeshaandika. Mwenye ufunguo atakuwa kaka wa bwana harusi, amekubali.