Moyo unaruka pigo nikimaliza kukimbia, na presha ninayo

Mzee wa Mwenge:
Wakuu, nina miaka 54, presha niligundulika nayo mwaka juzi. Asubuhi nameza atenolol 50 na kidonge cha kukojoza. Jumamosi nakimbia na vijana wa mtaani, tunapanda Mlimani hadi Chuo Kikuu. Wao saa za mkononi zinasoma mapigo 160 kwa dakika. Mimi nahema kama nimebeba gunia la mkaa, saa imeganda 115! Nikaazima ya mwenzangu, ileile 115.

Linalonikosesha usingizi ni hili: tukifika juu nikiketi kulegeza kamba za viatu, moyo unapiga, unapiga, unanyamaza, halafu DU! moja kama mgeni kagonga mlango. Mara nne tano hivi, kisha unatulia. Mama watoto kasema mbio basi. Niache kweli?

Nesi_Tabata:
Shikamoo mzee. Saa yako nzima. Atenolol inashika breki ya moyo, kwa hiyo ile hesabu ya 220 kutoa umri, ya kukisia mapigo ya juu kabisa, wewe haikuhusu. Jipime kwa maneno: ukiweza kuongea lakini kuimba huwezi, mwendo unatosha. Usije ukaacha dawa ghafla ili saa ipande, ni hatari.

Hiyo DU ni hivi: pigo moja linawahi zamu yake, moyo unapumzika kidogo, unajaa damu kuliko kawaida, linalofuata linakuja na kishindo. Hata wasio na presha huwapata. Ila kidonge cha kukojoza kinapoteza potasiamu (madini ya damuni), na ikishuka mapigo ya hivyo huongezeka. Kapime damu na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo.

Dereva_mstaafu:
Na usiketi ghafla, tembea dakika kumi kwanza. Mimi yangu haikuwa kuruka, ilikuwa vurugu tupu, hakuna pigo linalofanana na jenzake. Presha ya miaka mingi huleta hiyo, na kiharusi kiko nyuma yake. Ukisikia vurugu ya namna hiyo, kizunguzungu au kifua kubana, hospitali siku hiyohiyo.

Mzee wa Mwenge:
Marahaba nesi. Nimerudi na majibu: potasiamu 3.1, na maabara wameandika mwisho wa chini 3.5. Daktari kanibadilishia kile kidonge, na nimevalishwa kifaa cha kunasa mapigo saa 24, waya zinaniwasha kifuani. Mlimani kwa sasa natembea. Mama watoto kaja nami Jumamosi, kaniacha nyuma.