Tumechoka kuchaguliwa maktaba za ramani na watu wasiofungua data yetu

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kwa mara ya pili ndani ya miaka mitatu nimekabidhiwa mfumo wa ramani za viwanja ambao mkandarasi wake alichagua teknolojia ya upande wa mtumiaji kabla hajafungua hata faili moja la data, na kwa mara ya pili mimi ndiye ninayepigiwa simu ramani inapogoma.

Mara ya kwanza tuliletewa Leaflet. Sina ugomvi na Leaflet: ni maktaba huria (msimbo uliotayarishwa wa kuchora ramani kwenye kivinjari) iliyotoka mwaka 2011, ni nyepesi, nyaraka zake zinasomeka, na kwa ramani yenye alama mia mbili au tatu ningeichagua mimi mwenyewe. Lakini sisi tulikuwa na viwanja zaidi ya 30,000, na mkandarasi aliviweka vyote katika faili moja la GeoJSON (muundo wa maandishi wa kuhifadhi maumbo ya ramani), kisha akaacha vichorwe kwa SVG, michoro ya maumbo ndani ya ukurasa, ambayo ndiyo kawaida ya Leaflet usipoiagiza vinginevyo. Kwa utaratibu huo kila kiwanja kinakuwa elementi inayojitegemea ndani ya ukurasa, na kivinjari kinalazimika kuzibeba zote kwa wakati mmoja. Kwenye kompyuta ya mkandarasi mambo yalikwenda. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mpimaji mwenye simu ya kawaida: aligusa kiwanja, akasubiri, akagusa tena, skrini ikawa nyeupe, kisha kivinjari kikaufunga ukurasa pamoja na vipimo alivyokuwa amevijaza tangu asubuhi. Alitoa daftari mfukoni akaanza upya kwa kalamu, na sikuwa na la kumwambia.

Mpangilio mmoja tu wa Leaflet, preferCanvas, unaochora maumbo yote kwenye turubai moja, ungepunguza mzigo ule, na kuikata data kuwa vigae vya vekta, yaani vipande vidogo vya maumbo, kungeuondoa karibu wote, kwa kuwa simu ingepokea kile tu kinachoonekana kwa kiwango kile cha ukuzaji. Kulijua hilo hakuhitaji shahada. Kulihitaji mtu aulize viwanja viko vingapi, na vitafunguliwa kwa kifaa gani.

Mkandarasi wa pili alikuja akitangaza kwamba Leaflet imepitwa na wakati, na kwamba yeye hujenga kila kitu kwa React, maktaba ya kujengea kurasa, pamoja na Mapbox GL JS toleo la 2, maktaba ya ramani ya kampuni ya Mapbox. Kuhusu nguvu ya kuchora alikuwa sahihi, maana WebGL, njia ya kivinjari ya kuchora ambayo maktaba hiyo huitumia, huutumia uwezo wa chipu ya michoro, na viwanja vyetu vilitiririka bila kukwama. Ila mkataba wetu ulisema wazi kwamba tunataka programu huria, na toleo hilo, lililotoka Desemba 2020, ndilo lililoacha leseni huria. Hiyo ndiyo sababu jamii ya watengenezaji ilianzisha MapLibre, maktaba huria, kutokana na msimbo wa toleo la 1. Habari hii iko hadharani miaka yote hii. Mtu anayelipwa kuchagua teknolojia aliipita bila kusoma ukurasa mmoja wa leseni.

Kisha tukakuta yaliyo mabaya zaidi. Kila mtumiaji alipotoka kwenye orodha kwenda kwenye ramani, React iliivunja sehemu ile na kuijenga upya, na ramani mpya iliundwa bila ile ya zamani kufutwa kwa remove(). Mapbox huhesabu matumizi kwa kila ramani inayoanzishwa, jambo lililoandikwa bayana katika nyaraka zake, kwa hiyo mtumiaji mmoja aliyekuwa akikagua orodha yake alihesabiwa mara kadhaa wa kadhaa kwa siku. Isitoshe, Chrome kwenye kompyuta huruhusu miktadha 16 tu ya WebGL (nafasi za kuchorea, na kila ramani hushika moja) kwa pamoja. Ukizidisha, huua ule wa zamani kuliko yote. Kwetu wa zamani ulikuwa wa ramani ndogo ya muhtasari iliyokaa pembeni tangu ukurasa ulipofunguka, nayo ikawa inageuka tupu bila sababu inayoonekana. Nilitumia siku nne kuitafuta hitilafu hiyo.

Sijazungumzia viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani. Leaflet hutaja latitudo kwanza. GeoJSON na MapLibre hutaja longitudo kwanza. OpenLayers, maktaba nyingine huria ya ramani, usipoipangia, hutarajia mita za Web Mercator, makadirio (njia ya kuichora dunia ya mviringo kwenye ubapa) ya ramani nyingi za wavuti. Aliyehamisha msimbo kutoka Leaflet aligeuza baadhi ya sehemu na kusahau nyingine. Na eneo la kiwanja alilipiga moja kwa moja kutoka kwenye mita hizo za Web Mercator, ilhali makadirio hayo hukuza eneo kadiri unavyosogea mbali na ikweta, hata kufikia mara 4 kwenye latitudo 60. Hilo ni eneo la ardhi ya watu, na lilichapishwa kwenye hati. Kwa kazi inayodai makadirio ya wapimaji, OpenLayers ingestahili walau kujadiliwa, kwani huyapokea kupitia proj4, maktaba ya kubadili viwianishi, bila kuhangaika, lakini haikutajwa kabisa.

Ninachodai ni kwamba pendekezo lolote la ramani lianze na idadi ya maumbo, mfumo wa viwianishi, simu dhaifu kuliko zote itakayotumika, na leseni, ndipo jina la maktaba lifuate. Wiki hii nimepokea pendekezo la tatu, kurasa 12. Fremuweki, yaani kiunzi cha kujengea programu, imetajwa katika ukurasa wa kwanza, na hakuna mahali palipoulizwa viwanja ni vingapi. Nimelirudisha bila saini, na wakuu mliowahi kuandika vigezo vya zabuni ya namna hii naomba mniwekee hapa chini vifungu mlivyotumia.