Desktopu nyembamba ya ofisini, kadi ya grafiki GTX 1060 imegoma kuingia. Nifanyeje?

Kasha_Jembamba:
Wakuu, habari za wakati huu.

Nina desktopu ndogo, zile nyembamba za ofisini zinazolazwa chini ya monita. Prosesa Core i5-6500, RAM GB 8 kijiti kimoja, SSD ya GB 256. Kwa kazi haina shida hata kidogo. Shida inaanza saa tatu usiku, mtoto akishalala na mimi nikafungua gemu la mpira. Grafiki ni ile ya ndani ya prosesa, HD 530. Nisiposhusha kila kitu hadi 720p, wachezaji wanakimbia kama wako kwenye tope.

Sasa jamaa yangu kajenga mashine mpya, akanipa GTX 1060 yake ya GB 6 bure kabisa. Nikafungua kasha kwa furaha zote. Kadi ina urefu wa sentimita 25 na bamba lake la nyuma linachomoza juu ya kasha. Jamaa anasema si neno, mfuniko niuache wazi. Halafu ina tundu la umeme la pini 6, na pawa saplai yangu (imeandikwa wati 240) haina waya wa namna hiyo. Kuna waya mmoja wa SATA (ule wa kulishia diski umeme) umekaa bure, na jamaa kasema ipo adapta ya kuugeuza SATA kuwa pini 6. Nilikaribia kuagiza ila roho inasita. Nisite au niende?

Bisibisi_Moja:
Sita, mkuu. Tena sita sana.

Kwenye kichwa cha SATA pini za volti 12 ni 3, na kila moja imepangiwa ampea 1.5. Piga hesabu, zote pamoja ni wati 54. Tundu la pini 6 lenyewe limeruhusiwa kuvuta wati 75. Hiyo 1060 ni kadi ya wati 120, na sloti ya PCIe (pale kadi inapochomekwa kwenye mazabodi) mwisho wake 75, na gemu likikolea kadi inaweza kuvuta zaidi ya hizo 54 kwenye kawaya hako.

Najua utaambiwa "mbona yangu inafanya kazi". Hata yangu ilifanya kazi. Siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nikasikia harufu, nikadhani nimesahau sufuria jikoni. Kumbe plastiki ya adapta imeyeyuka na kugandana na kichwa cha waya, nikakata kwa koleo. Kadi ilipona, hata sielewi ilivyopona.

Na hizo wati 240 ni za mashine nzima, prosesa yako peke yake ni ya wati 65. Watengenezaji wa 1060 wenyewe wanataka pawa saplai ya wati 400. Tafuta kadi isiyo na tundu la umeme kabisa, inayokula kwenye sloti tu.

NusuKimo:
Bisibisi kamaliza habari ya umeme. Mimi naongeza habari ya rula, maana ndiyo inayowaumiza wengi.

Bamba la kadi ya kawaida lina kimo cha kama sentimita 12, la kadi fupi kama 8. Kasha lako linapokea fupi tu. Hilo unaliona kwa macho. Usiloliona ni unene. Kila nafasi ya sloti ni sentimita 2 hivi, na kadi fupi nyingi zenye nguvu zinakula nafasi mbili. Fungua kasha uangalie ile sloti ndefu: pembeni yake kuna sloti nyingine, au kuna ukuta wa pawa saplai? Ukinijibu hilo ndipo tutaje majina.

Kasha_Jembamba:
Mkuu NusuKimo, nimepima. Sloti ndefu iko ubavuni kabisa mwa pawa saplai. Kutoka katikati ya sloti hadi kwenye bati la pawa saplai ni sentimita 2 na kitu. Kwa hiyo kadi nene ndiyo basi?

NusuKimo:
Ndiyo basi. Hapo umeshaipoteza GTX 1650 fupi, karibu zote ni nene. Umepoteza na RTX 3050 fupi ya GB 6, ambayo kwa wati 70 ingekufaa kuliko zote. (Anayesoma hapa mwenye nafasi mbili: ni ile ya GB 6. Ya GB 8 inataka waya wake wa umeme.)

Zinabaki mbili za maana. NVIDIA T1000, wati 50, nyembamba, na kiini chake ni cha ukoo uleule wa 1650, ila inakwenda taratibu kidogo. Nyingine ni Radeon RX 6400, wati 53. Mimi kwa mashine yako ningeiacha hiyo ya pili. Inatumia njia 4 tu za PCIe badala ya 16, na i5-6500 ni ya toleo la zamani, PCIe 3.0. Yaani badala ya GB 16 hivi kwa sekunde unapata 4 hivi. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, gemu linaanza kukwamakwama.

Dada_Wa_Fremu:
Ndugu yangu NusuKimo unaionea RX 6400. Ninayo mwaka wa pili kwenye mashine ya PCIe 3.0 na nacheza kwa raha. Siri ni kutoweka picha za ubora wa juu kabisa, hizo GB 4 za kumbukumbu ya kadi zisijae. Kasoro yake ninayoikubali ni kwamba haina sehemu ya kusimbia video, kwa hiyo kurekodi gemu kunailemea prosesa. Kama hurekodi, hutajua hata kama ipo.

Ila wote mmepitwa na kitu. Kijiti kimoja cha RAM! Kaka, ongeza cha pili kinachofanana kabla hujagusa kadi yoyote. Grafiki ya ndani inakula RAM hiyohiyo, na vijiti viwili vinaipa njia mbili. Angalia kwanza kama yako ni DDR4 au DDR3L, maana mashine za kizazi hicho zipo za aina zote mbili.

Kasha_Jembamba:
Marejesho, wakuu.

Nilianza na kijiti cha RAM. Dada, tofauti niliiona usiku uleule, tope limepungua, ingawa 1080p bado ilikuwa ndoto. Baadaye nikapata T1000 iliyotumika. Imefika na bamba refu, lile fupi halimo kwenye boksi! Nimengoja bamba peke yake siku nne kama nangoja mgeni. Kubadilisha ni skrubu mbili tu.

Nikaichomeka, nikawasha, skrini nyeusi. Jasho likanitoka. Kumbe kebo bado nimeichomeka kwenye mazabodi. Kuihamisha nako haiwezekani, T1000 ina matundu ya mini DisplayPort tu na monita yangu ni HDMI. Adapta tena. (Hii haiyeyuki, natumaini.)

Sasa nacheza 1080p, mipangilio ya kati, fremu 60 kwa sekunde na mara chache inashuka. Feni inalia zaidi ya nilivyotegemea, mlango wa chumba cha mtoto naufunga.

Bisibisi_Moja:
Safi. Na ile 1060?

Kasha_Jembamba:
Iko kwenye boksi la viatu juu ya kabati. Jamaa jana kaniuliza kama mfuniko niliuacha wazi.