N-400: tiketi za zamani za barabarani zinatajwa zote?

Mwulizaji
Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaoijua fomu ya uraia wa Marekani. Nina tiketi mbili za mwendo kasi, ya 2013 na ya 2016, faini dola 140 na 210, na moja ya kuegesha vibaya. Fomu inauliza kama umewahi kukamatwa, kuandikiwa kosa au kuzuiliwa na polisi. Wengine wanasema chini ya dola 500 haziandikwi, wengine wanasema wanaangalia miaka 5 tu. Lipi sahihi? Risiti sina tena.

Jibu la 1
Kutaja ni kitu kimoja, kuambatisha karatasi ni kingine. Maelekezo ya fomu yanakuondolea mzigo wa kuambatisha tu: kama hukukamatwa, kosa halikuhusu pombe wala dawa za kulevya, na adhabu ilikuwa faini isiyofika dola 500 au pointi za makosa kwenye leseni. Hayasemi usitaje.

Swali linasema "umewahi", kwa hiyo halina kikomo cha miaka. Ile miaka 5 (3 kwa anayeomba kupitia ndoa na raia) ni kipindi ambacho mwenendo wako unapimwa kwa karibu zaidi.

Jibu Ndiyo, kisha andika kosa, tarehe, mji na jimbo, na matokeo, mfano "faini dola 140, imelipwa". Tarehe ukiwa huikumbuki, weka mwezi na mwaka na uandike "takriban". Nafasi ikijaa, nenda sehemu ya maelezo ya ziada, utaje ukurasa, sehemu na namba ya swali.

Jibu la 2
Risiti usihangaike nazo. Omba rekodi yako ya udereva kwa idara ya leseni ya jimbo, na uombe iliyo kamili, maana kwenye majimbo mengi kuna fupi ya miaka michache ambayo haitakufikisha 2013. Kama nayo haionyeshi, nenda kwa karani wa mahakama ya kaunti ulikoandikiwa, uombe nakala ya uamuzi yenye mhuri. Faili likiwa limeshaharibiwa, omba barua ya kusema hawana kumbukumbu.

Hakikisha pia zote zimefungwa. Tiketi isiyolipwa inaweza kusimamisha leseni bila wewe kujua, na ukikutwa unaendesha hivyo, majimbo mengi yanalihesabu kuwa jinai. Kutofika mahakamani nako kunaweza kuzaa hati ya kukamatwa.

Jibu la 3
Soma kifungu kilichoandikwa kwenye tiketi, usiangalie faini peke yake. Virginia, ukizidi maili 85 kwa saa, ni uendeshaji wa hatari, na hiyo ni jinai ingawa karatasi unayopewa barabarani inafanana na tiketi ya kawaida. Hapo peleka uamuzi wa mahakama.

Kuendesha umelewa ni habari nyingine kabisa: ukitiwa hatiani mara 2 ndani ya kile kipindi cha miaka 5 au 3, wanaanza kwa kudhani huna mwenendo mwema, na kazi ya kuwashawishi vinginevyo ni yako. Na ukiwa bado kwenye kifungo cha nje, ombi halipitishwi. Watu wa namna hii wamwone mwanasheria kabla ya kutuma chochote.

Mwulizaji
Asanteni sana. Na ile ya kuegesha?

Jibu la 1
Ile ya kubandikwa kwenye kioo, sawa na ile ya kamera za barabarani, inalifuata gari, si dereva, na wanasheria wengi hawaihesabu. Ukiiandika haikudhuru. Uliyopewa mkononi na polisi, iandike.

Tiketi ndogo kama hizo kwa kawaida haziangushi ombi. Kinachoangusha ni kusema uongo chini ya kiapo ili upate uraia. Huo peke yake unaharibu mwenendo wako hata kama kosa lenyewe lilikuwa la dola 140. Kwenye usaili afisa anapitia majibu tena, kwa hiyo ukikumbuka nyingine, mwambie kabla hajakuuliza.

Usaili ukipita, bado kuna fomu N-445, ya mwaliko wa sherehe ya kiapo, unayojaza kabla ya kuapa. Inauliza yaliyotokea tangu siku ya usaili, na inataja makosa ya barabarani waziwazi. Ukipigwa tiketi hapo katikati, ijibu Ndiyo na uende na karatasi zake.