Yazoo, "You and Me Both" (1983): ichezwe nzima au tuchague nyimbo?

Shangani_Jioni
Wakuu, habari za humu. Kuna kikao cha kusikiliza muziki kinaandaliwa hapa Mtwara, eneo la wazi Shangani, watu kama thelathini. Safari hii ni albamu ya pili ya Yazoo, kundi la Uingereza la watu wawili: mwimbaji Alison Moyet na mpiga sinthesaiza (kinanda cha umeme) Vince Clarke. Wanaoijua "Upstairs at Eric's" ya 1982 wanadai hii ya pili imepoa. Tuicheze yote au tuchague? Halafu kwenye sabufa sauti ya Alison Moyet inamezwa na besi. Kosa ni la rekodi au la chombo?

FundiSpika_Ligula
Chombo, mkuu. Moyet anaimba chini kuliko waimbaji wengi wa kike wa pop, na sabufa nyingi za madukani hazinyamazi zinapotakiwa kunyamaza. Zinaendelea kuvuma hadi hertz (mitetemo kwa sekunde) 150 au 200, pale pale sauti yake inapoanzia. Zima ikolaiza ya simu (kirekebisha besi na sauti kali) kwanza, maana ile ya "bass boost" ndiyo inayoharibu zaidi. Shusha kitufe cha besi hadi robo, kisha pandisha taratibu mpaka usikie noti za besi moja moja. Zikianza kushikana, umezidisha. Kama sabufa ina kitufe cha kukata masafa, weka hertz 80.

Tumia waya wa AUX. Simu iwe karibu asilimia 85, sauti uiongezee kwenye sabufa. Simu ikiwa chini sana utalazimika kufungulia sabufa hadi mwisho na mvumo wa umeme utapanda nao.

Na kwa kuwa ni nje, besi itakimbia kwa kukosa kuta. Egemeza sabufa ukutani, usiisimamishe katikati ya uwanja. Spika ndogo ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, zimeachana mita mbili au tatu.

Santuri_Lindi
Kabla ya yote kagua orodha ya nyimbo. Toleo la Uingereza lina "Happy People". La Marekani, ambako kundi liliitwa Yaz, wimbo huo umetolewa na kuwekwa "State Farm", uliokuwa upande wa pili wa singo ya "Nobody's Diary". Watu wanabishana humu kila mmoja akiwa na albamu yake. "Happy People" anaimba Vince Clarke mwenyewe, Moyet alikataa kuuimba, na kwa maoni yangu alikuwa sahihi: unakata mtiririko pale albamu inapokuwa imezama kabisa. Chezeni "State Farm".

Mikindani_Kinanda
Nakubali kuhusu "Happy People", sikubali kuuondoa. Nyimbo 11 zimepangwa kwa kupokezana waandishi: ulioandikwa na Moyet, wa Clarke, wa Moyet, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukitoa mmoja, wasikilizaji hawatausikia mvutano, na mvutano ndio albamu yenyewe. Hawa walikuwa wameshaachana kabla haijatoka Julai 1983, na bado ilishika namba moja Uingereza. Hata jalada lina mbwa wawili wanapigana.

Hilo la "imepoa" linatokana na kuisikiliza kwa masikio ya albamu ya kwanza. Huku hakuna "Don't Go", ule uliovuma wa albamu ya kwanza. Kuna uandishi wa Moyet uliokomaa: "Nobody's Diary" ilifika namba tatu, nayo ni yake. "Ode to Boy" sinthesaiza zimepunguzwa hadi karibu hakuna kitu, sauti imebaki peke yake mbele, na hapo ndipo sabufa iliyowekwa vibaya inaumbuka. Udhaifu upo kwa Clarke: "Walk Away from Love" ni nyepesi. Lakini "Mr Blue" ni yake pia, na inatosha kumtetea.

Chezeni yote, haifiki dakika 45.

Shangani_Jioni
Asanteni wadau. Yote basi, toleo la Uingereza. Na sauti niipangeje baada ya bongo fleva za kukaribisha wageni?

FundiSpika_Ligula
CD za miaka ya themanini zilirekodiwa kwa sauti ya chini kuliko nyimbo za sasa. Pandisha sauti kuu, besi usiiguse. Kwenye programu ya muziki zima kile kipengele cha kuunganisha nyimbo, la sivyo "And On", ambayo ni maombolezo na ndiyo ya mwisho, itaanza juu ya mkia wa "Happy People". Ikiisha, hakikisha simu haijirukii yenyewe kwenda wimbo mwingine.