Naombeni ushauri: kazini wamefungua grupu jipya, mimi tu ndiye sipo

Mtoa mada: Wakuu, habari za muda huu. Sina raha kabisa. Kitengoni tulikuwa na grupu la WhatsApp la utani tu. Ghafla limekuwa kimya. Juzi simu ya mwenzangu ilikuwa mezani, ujumbe ukaingia, nikaona jina la grupu jingine na picha yetu ya pamoja, mimi nimekatwa. Nikiingia chumba cha mapumziko maongezi yanakatika, mtu anaanza kuosha kikombe kisafi. Niwaulize au niache kazi?

Bint_Nahodha: Pole sana. Inauma kuliko tusi, maana tusi angalau unalijibu.

Mzee_Tulivu: Kuacha kazi kisa grupu? Mimi nimefanya kazi miaka na mtu asiyeitikia salamu yangu. Siku namuoza binti, yeye ndiye alifika wa kwanza. Chapa kazi, chukua mshahara.

Kalamu_Kavu: Mzee, tusilidharau hili. Mwanasaikolojia Kipling Williams alikuwa amekaa bustanini, kisahani cha kurushiana kikamwangukia. Akawarudishia wenyewe, wakacheza naye kidogo, kisha wakaacha kumrushia. Hawajui hata majina, na bado alijisikia vibaya! Akatengeneza mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira, na mwaka 2003 yeye na wenzake wakachapisha vipimo vya ubongo vya watu walionyimwa mpira huo: sehemu iliyochangamka inahusishwa pia na maumivu ya mwili. Ila mtoa mada, kabla ya grupu kuwa kimya kulitokea nini?

Mtoa mada: Hakuna. Nafanya kazi yangu kama kawaida.

Kalamu_Kavu: Hujajibu swali.

Mtoa mada: Haya. Nilipandishwa cheo. Sasa mimi ndiye msimamizi wao, naidhinisha likizo na kuandika tathmini. Lakini sijabadilika hata kidogo! Na tangazo nimeshaliandika: grupu lolote la wafanyakazi lazima msimamizi awemo. Kesho nalibandika. Sioni ubaya wake.

Sauti_ya_Chini: Kumbe bosi! Wewe hujatengwa, umehama. Aliyetengwa ni yule anayenyimwa taarifa ya kikao, halafu anaulizwa kwa nini hakufika. Mimi yamenikuta hayo, na aliyekuwa ananinyima ni msimamizi. Watu wanahitaji pa kukulalamikia.

Mwanahistoria_Mtaa: Athens ya kale waliokuwa wakitengwa kwa kura mara nyingi ni wakubwa. Raia anaandika jina kwenye kigae, anayeangukiwa na kura nyingi anaondoka mjini miaka 10, mali yake haiguswi. Wanyonge hawakuhitaji kupigiwa kura, kwani walikuwa nje tayari.

Jicho_Pevu77: Hii ni chai. Mwanzo "mwenzangu", sasa ni bosi wao. Na kapicha kadogo vile umeonaje kama umekatwa?

Mtoa mada: Nilikuwa wa mwisho kulia, bega langu la shati la bluu limebaki. Cheo sikukitaja kwa sababu nilijua mtaacha kunihurumia, na ndivyo mlivyofanya.

Jicho_Pevu77: Bega! Ongeza sukari.

Bint_Nahodha: Mwacheni, mtunga hadithi angejipendelea zaidi ya hapo. Mtoa mada, hilo tangazo lichane. Ukilibandika watafungua grupu la tatu, na safari hii hata simu hawataiacha mezani.

Mtoa mada: Siwezi kulichana, nimeshamwambia meneja. Nitalirekebisha: taarifa zote za kazi ziwekwe kwenye grupu la kazi, basi. La utani wabaki nalo. Ila kuna mmoja tulikuwa tunakula pamoja kila mchana, siku hizi anatoka kabla yangu. Huyo namwanzaje?

Mzee_Tulivu: Mpitie mezani kwake saa ya chakula, umwambie twende. Akikataa, kesho yake mpitie tena. Tathmini usiitaje.